Mpira wa Januari na hewa ya Nakuru

Learner Tien alipommaliza Daniil Medvedev katika raundi ya pili ya Australian Open ya 2025, Melbourne ilikuwa inakaribia saa tisa ya usiku. Walikuwa wamepigana seti tano kwa karibu saa tano, 6-3, 7-6, 6-7, 1-6, 7-6. Kijana wa Kimarekani wa miaka 19, aliyeingia kwa mlango wa mechi za mchujo, alikuwa amemng'oa mtu aliyekwisha kucheza fainali tatu za mashindano hayo. Wengi walilalamikia saa hizo za wachawi. Sisi wa Nakuru hatukuwa na cha kulalamikia. Jua lilikuwa ndio limetua nyuma ya Mau, wauza mahindi wanapuliza makaa, na yeyote mwenye king'amuzi alikuwa ameitazama mechi yote bila kupiga mwayo.

Melbourne inatutangulia kwa saa nane. Mechi za mchana za kule huanza kwetu saa tisa usiku, wakati ambao hata mbwa wa Milimani wamelala, na hizo mimi huwaachia vijana. Lakini mechi kubwa, zile za usiku wa Melbourne, hutufikia kuanzia saa tano asubuhi. Maana yake ni kwamba shabiki wa Bonde la Ufa anaweza kumtazama bingwa saa sita mchana, na saa kumi na moja jioni awe uwanjani na raketi yake akijaribu pigo lilelile. Akilijaribu, mpira unatoka nje. Hautoki kidogo, unapita mstari wa nyuma kwa hatua nzima, na mwenzake ng'ambo ya wavu anainua kidole bila hata kuangalia.

Hapo ndipo masomo yangu ya Januari yalipoanzia. Kwa miaka mingi nimesikia watu wakitabiri mwaka mzima wa tenisi kwa matokeo ya wiki nne za kwanza, na kila mwaka utabiri unaharibika kabla ya mvua za masika. Matokeo ya Januari ni ushahidi dhaifu. Ushahidi wenye uzito ni mpira: unaanguka wapi, unainuka kiasi gani, na aliyeupiga amefika hapo kwa miguu au kwa kunyoosha mkono tu. Nathubutu kusema kwamba anayecheza kwenye nyanda za juu ana jicho zuri la kuona hayo, kwa sababu hewa yake imemlazimisha kufikiri kuhusu mpira kila anapoupiga.

Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kwa hesabu za kawaida za angahewa, hewa ya kimo hiki ni nyepesi kwa karibu moja ya sita kuliko ile ya ufukweni. Mpira unapopaa, hewa huufanyia kazi mbili. Kwanza huuzuia usikimbie. Pili, kama umepigwa kwa msokoto wa juu, hewa huusukuma chini ili uangukie ndani ya mstari. Hewa ikiwa nyepesi, kazi zote mbili zinalegea: mpira unakwenda kasi zaidi, na msokoto uliotegemea kuushusha unachelewa kuushusha. Ndiyo sababu mgeni kutoka Mombasa, hata awe fundi, huipoteza seti ya kwanza Nakuru akiutazama mpira wake mzuri ukipita mstari. Nasi tukishuka pwani, mipira yetu huishia kwenye wavu au kuanguka mifupi katikati ya uwanja, na wenyeji wanatula taratibu.

Kuna pia jambo la tatu, nalo limo ndani ya mpira wenyewe. Mpira mpya hutoka kiwandani ukiwa umejazwa gesi yenye shinikizo. Ukiupandisha mlima, shinikizo la nje linapungua ilhali la ndani liko vilevile, hivyo mpira unakaza na kudunda juu kuliko ulivyokusudiwa. Shirikisho la tenisi la dunia, ITF, linalijua hilo, na sheria zake zinaruhusu mipira maalumu kwa mashindano yanayochezwa juu ya mita 1,219. Mmoja wa aina hizo hauna shinikizo la ziada ndani, na sheria inataka uwe umekaa siku 60 au zaidi kwenye kimo cha mashindano yenyewe kabla ya kutumiwa. Wakimbiaji wa Ulaya huja Iten kukaa wiki kadhaa ili damu izoee hewa. Kumbe na mpira una kambi yake ya mazoezi.

Katika klabu zetu, kuanzia Rift Valley Sports Club hapa mjini hadi Njoro, nadra kuona mtu akifungua kopo la mipira ya namna hiyo. Tunacheza na ile inayouzwa dukani, iliyotengenezewa watu wa bondeni kwa maana ya bonde lililo chini kweli, si hili letu lililoning'inia angani. Matokeo yake ni kichekesho ambacho kila kocha wa Nakuru anakijua: mpira uliochoka, ambao klabu ya pwani ingempa mbwa achezee, kwetu ndio kwanza umefika kiwango. Watoto wanaofunzwa kwa mipira mikuukuu kwa sababu ya uhaba wa fedha wanapata, bila kukusudia, mdundo ulio sahihi kuliko wa mtoto wa tajiri aliyenunuliwa kopo jipya. Mtoto huyo wa tajiri anasimama mita mbili nyuma ya mstari akipokea sevisi inayopita juu ya bega lake, na babake anauliza mbona kijana hasogei mbele.

Watu wakisikia nyanda za juu wanafikiri mapafu. Ni haki yao. Bonde la Ufa limeupa ulimwengu wakimbiaji kiasi kwamba mtu haulizi zaidi. Lakini katika tenisi kimo kinatoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine. Pumzi unaipata. Mkono unaharibika. Mchezaji anayekulia hapa hujifunza kufupisha pigo ili mpira usipae, na hujifunza kwamba pointi inaisha kwa sevisi na pigo moja baada yake, kwa sababu kweli inaisha. Akienda kwenye usawa wa bahari, hewa nzito inamrudishia kila mpira aliodhani ameushinda. Mkimbiaji anashuka kutoka Iten akiwa na akiba. Mcheza tenisi anashuka akiwa na deni.

Kwa hiyo nilipomtazama Angella Okutoyi Januari 2022, nilikuwa namtazama kwa jicho hilo. Alikuwa na miaka 17, msichana aliyelelewa na nyanya yake jijini Nairobi pamoja na pacha wake Roselida, na alikuwa amepata nafasi ya kwenda Melbourne baada ya kutwaa ubingwa wa vijana wa Afrika uliochezewa Tunisia mwaka uliotangulia. Katika raundi ya kwanza ya wasichana alimshinda Mwitaliano Federica Urgesi kwa seti tatu, na kuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya Grand Slam ya vijana. Kisha akamwondoa Zara Larke, mwenyeji. Safari ikaishia raundi ya tatu mikononi mwa Lola Radivojević wa Serbia.

Nchi nzima iliandika matokeo, na ilistahili. Mimi kilichonikaa ni namna alivyokuwa akivumilia. Hakuwa na sevisi ya kumaliza mtu, na bado hakuwa akiharakisha pointi kama tufanyavyo huku juu. Alirudisha, akarudisha tena, akamwachia mwenzake nafasi ya kukosea. Ule haukuwa mchezo wa mtoto aliyefungiwa kwenye hewa nyepesi. Ulikuwa mchezo wa mtu aliyekwisha kushuka mara nyingi na kulipa deni lake mapema. Miezi sita baadaye, Wimbledon, yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walichukua taji la wasichana wawili-wawili wakiwapiku Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Huyo Mboko sasa anajulikana kote. Kwa hiyo msije mkasema lile taji lilikuwa la kubahatisha.

Januari hiyohiyo ya 2022, Adelaide ilikuwa na jambo jingine. Aryna Sabalenka, wakati huo namba mbili duniani, alipoteza mechi mbili mfululizo, ya kwanza kwa Kaja Juvan na ya pili kwa Rebecca Peterson. Katika mechi hizo mbili alikosea sevisi mbili-mbili mara 39. Zilikuwa 18 siku ya kwanza na 21 ya pili. Alifika mahali akaanzisha mpira kwa kuupiga kutoka chini kama mtoto anayejifunza, machozi yakimlengalenga. Aliyesoma matokeo alisema amekwisha. Aliyetazama mpira aliona kwamba kila kitu kingine kilikuwa mahali pake: mapokezi, nguvu, hamu ya kwenda mbele. Kilichovunjika kilikuwa kiungo kimoja, mrusho wa mpira na mwendo wa mkono unaoufuata, na kiungo hurekebishika. Alitafuta mtaalamu wa mwendo wa mwili, akaujenga upya mwendo huo, na Januari iliyofuata alimshinda Elena Rybakina 4-6, 6-3, 6-4 akawa bingwa wa Australia. Akalitetea taji mwaka 2024.

Ndiyo maana napenda makosa ya Januari kuliko ushindi wa Januari. Kosa linalojirudia kwa sura ileile linakuonyesha mahali pa kutazama mwaka mzima. Ushindi unaweza kuwa wa wiki moja tu, na mara nyingi huwa. Tukumbuke kwamba mapumziko yao ni mafupi ajabu. Fainali za Davis Cup za 2024 zilimalizika 24 Novemba, na United Cup ikaanza 27 Desemba. Wiki tano hazitoshi kupumzisha goti, sembuse kujifunza pigo jipya. Wengine wanafika Australia wakiwa na miguu ya mwaka uliopita, wengine wakiwa na miguu mipya ambayo bado haijajua kazi. Jannik Sinner alikwenda Melbourne 2025 bila kucheza shindano hata moja la maandalizi, akachukua taji. Novak Djokovic alimtoa Carlos Alcaraz robo-fainali kwa ustadi ambao sitausahau, kisha msuli wa paja ukamsaliti, na nusu-fainali yake dhidi ya Alexander Zverev ikaisha baada ya seti moja. Gaël Monfils, mwenye miaka 38, alichukua taji la Auckland na wiki iliyofuata akambwaga Taylor Fritz. Ukiwaweka hao watatu kwenye meza moja hupati kanuni yoyote.

Lakini mtu wa Januari 2025 alikuwa Madison Keys. Huyu naomba nikae naye kidogo.

Keys alikuwa ameipiga tenisi ya juu kwa zaidi ya muongo akiwa na fohandi inayotisha na kabati lisilo na kombe kubwa. Mwishoni mwa 2024 akabadilisha raketi na nyuzi. Mchezaji wa miaka 29 kubadilisha raketi ni jambo zito kuliko linavyosikika; mkono umejenga kumbukumbu ya miaka kumi na kitu, na unauambia uisahau. Alianza mwaka kwa kuchukua Adelaide, kisha akaenda Melbourne akiwa amepangwa nafasi ya 19. Huko akamkuta nusu-fainali Iga Swiatek, aliyekuwa amepoteza gemu 14 tu katika mechi tano. Wachambuzi wengi walishaandika fainali ya Swiatek na Sabalenka.

Mechi hiyo ilitufikia mchana, wakati wa chakula. Swiatek anapiga kwa msokoto mzito; mpira wake unapanda, unashuka ghafla, na unakurukia begani. Keys anapiga bapa, mpira ukipita karibu na utepe wa wavu. Kwa jicho la Nakuru ule ulikuwa mpambano wa anayeitegemea hewa na asiyeihitaji. Seti ya kwanza ilikwenda kwa Swiatek 7-5, ya pili Keys akachukua 6-1 kwa dakika chache za kikatili. Katika ya tatu Swiatek alifika pointi moja kutoka fainali, akaikosa, na Keys akamaliza taibreki ya pointi kumi kwa 10-8. Nilichokiona, na nimeirudia kanda kuhakikisha, ni nyuzi. Mipira ambayo miaka mitano iliyopita ingetoka nje kwa upana wa kiganja ilikuwa inaanguka juu ya mstari. Alikuwa na nguvu zilezile, lakini sasa alikuwa na breki. Siku mbili baadaye alimpiga Sabalenka 6-3, 2-6, 7-5.

Je, Januari ilitabiri mwaka wake? La hasha. Paris aliishia robo-fainali, Wimbledon raundi ya tatu, New York akatolewa raundi ya kwanza na Renata Zarazúa wa Meksiko. Hata hivyo sioni kwamba Melbourne ilidanganya. Ilisema ukweli mwembamba: kwenye uwanja mgumu wa buluu, na raketi mpya ambayo wapinzani hawajaizoea, huyu hashikiki. Ukweli huo haukuwa na lolote la kusema kuhusu udongo wa Paris au nyasi za London. Tatizo ni letu tunaoulazimisha useme zaidi. Mwaka 2024 Sinner na Sabalenka walishinda Melbourne Januari na wakashinda tena New York Septemba, viwanja vigumu kwa viwanja vigumu. Katikati, Paris na Wimbledon, mataji yalikwenda kwa watu wengine.

Nyumbani, Januari ina sura nyingine. Miaka ya karibuni mashindano ya wanawake ya ITF ya daraja la W35 yamekuwa yakichezwa Nairobi mwanzoni mwa mwaka, kwenye udongo. Namba 35 ni pointi anazopata bingwa. Bingwa wa Melbourne anapata 2,000. Anayecheka hesabu hiyo hajawahi kuwa nafasi ya mia tano na kitu duniani. Machi 2024, Okutoyi, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Auburn huko Alabama, alichukua dhahabu ya Michezo ya Afrika jijini Accra. Njiani alimtoa Mayar Sherif wa Misri, mchezaji wa mia bora duniani, na fainali akamshinda Mmisri mwingine, Lamis Alhussein Abdel Aziz. Dhahabu hiyo peke yake haikutosha kumpeleka Olimpiki ya Paris, kwa sababu masharti yalimtaka pia awe ndani ya 400 bora. Pointi 35, mara mbili au tatu, ni daraja la kuvukia mto huo, na unalikuta Nairobi kwa nauli ya matatu kutoka Nakuru.

Ukienda kutazama mashindano hayo, nenda raundi ya kwanza, siku ya kwanza, na usihesabu pointi. Hesabu mipira inayopita mstari wa nyuma. Wageni wametoka usawa wa bahari juzi. Udongo unapunguza kasi ya mpira, na hewa ya mita 1,700 inairudisha. Utaona mchezaji mwenye nafasi nzuri kuliko wote akitazama raketi yake kana kwamba ameazimwa. Yule anayerekebisha kabla ya gemu ya tano, kwa kukaza msokoto au kushusha lengo nusu mita ndani ya mstari, ndiye atakayekuwa bado yuko Jumamosi. Na wasichana wetu waliozaliwa kwenye hewa hii wana wiki hiyo moja ya kuwa wenyeji kweli. Ingefaa waitumie kwa kucheza pointi ndefu, kwa sababu wageni ndio wanaotaka kuzifupisha. Mapafu hayo tuliyosema tunayo, basi yafanye kazi. Nimeshangaa mara nyingi kuwaona wakifanya kinyume, wakijaribu kumaliza kwa pigo la pili, tabia ileile tunayoipata kwenye viwanja vyetu vya murram.

Kwa mashabiki wa hapa, kipimo kizuri baada ya Melbourne naona ni Madrid, mwishoni mwa Aprili. Mji huo uko takriban mita 650, theluthi moja na kidogo ya kimo cha Nakuru, na bado wachezaji wa Ulaya wanalalamika kwamba mpira unaruka ovyo. Sabalenka amechukua taji la hapo mara tatu, 2021, 2023 na 2025. Fainali ya 2024 Swiatek alimpokonya kwa 7-5, 4-6, 7-6 baada ya kuokoa pointi za mechi. Mwaka 2025, aliyepigwa na Keys Januari alikuwa bingwa wa Madrid Mei, akimshinda Coco Gauff. Mwezi mmoja baadaye walikutana tena katika fainali ya Paris, siku ya upepo mkali. Sabalenka alifanya makosa 70 ya kujitakia na Gauff akashinda 6-7, 6-2, 6-4. Upepo ule tunaujua. Kuanzia Januari huvuma kutoka ziwani kila alasiri na kutujaza vumbi machoni, na kocha yeyote wa Nakuru angemwambia Sabalenka alenge katikati.